Mchango Usiotoka Mfukoni



Hekalu hili lilisimama kwa michango ya wengi. Leo twaomba mchango mwingine.

Mwenye saratani ya damu au thalasemia aweza kuponywa kwa seli shina za mtu ambaye tishu zao zalingana. Ndugu wa tumbo moja hulingana mara 1 kwa 4 tu. Asiyebahatika nyumbani hutegemea mgeni, na aghalabu mgeni huyo ni wa asili moja naye. Nasi wa asili ya Kihindi tu wachache katika daftari za wachangiaji.

Vijana wetu wanaosoma Uingereza waweza kujiandikisha Anthony Nolan wakiwa na miaka 16 hadi 30. Hupitishwa pamba ndani ya shavu tu. Wakiitwa, seli huchujwa kutoka damu ya mkononi, au uboho hutolewa kwenye mfupa wa nyonga, nao mwili huurudisha.

Lakini ahadi ni deni. Kabla ya upandikizaji, uboho wa mgonjwa huangamizwa kwa dawa. Mchangiaji akighairi wakati huo, amemwacha mlangoni pa mauti. Basi tutafakari kwanza, ndipo tujiandikishe.

Rishi Dadhichi alitoa mifupa yake pamoja na uhai wake. Sisi twaombwa uboho kidogo, na uhai wetu twabaki nao.