KITABU KIMOJA, DARASA ZIMA

(Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani, Ngarenaro, Arusha)



Katibu aliniomba nizungumze juu ya kazi ya kompyuta Serikalini, akaongeza kwamba nisiwachoshe. Nitasema jambo moja tu, nalo liliniaibisha.

Mnaikumbuka stoo ya vitabu. Hakuna aliyekuwa na kitabu chake cha hesabu; tulikaa wanne kwa kimoja, na mwalimu alisema tu, "Fungueni ukurasa wa 40." Kompyuta nayo hufanya hivyo. Kazi zinazohitajiwa na programu nyingi, kama kuandika katika faili au kulinda siri za mawasiliano, haziandikwi upya ndani ya kila programu. Huwekwa mahali pamoja, katika faili liitwalo maktaba ya pamoja, na kila programu huiazima inapoanza kazi. Aprili 2014, lilipotangazwa kosa la Heartbleed katika maktaba ya OpenSSL, mafundi walibadilisha maktaba hiyo moja, wakaziwasha upya programu zilizoitumia, basi. Zile zilizokuwa na nakala yake ndani ya matumbo yao ilibidi ziundwe upya moja moja.

Taabu huanza kitabu kinapopigwa chapa upya. Mchapaji akisahihisha herufi tu, ukurasa wa 40 hubaki pale pale. Akihamisha sura, wanafunzi hufungua ukurasa wa 40 wakakuta jiometri badala ya aljebra. Ndiyo maana maktaba hutiwa namba katika jina. OpenSSL ya zamani ilikuwa libssl.so.1.1, na masahihisho madogo hayakuligusa jina hilo. Toleo la 3.0 lilipotoka Septemba 2021, likaitwa libssl.so.3. Programu hubeba ndani yake jina la maktaba iliyoundwa nayo, namba na yote.

Katika mfumo wa Linux, programu ikianza, mtafutaji huangalia kwanza maelekezo maalumu, yaliyomo ndani ya programu au yaliyotolewa na mwendeshaji. Asipopata, husoma daftari la stoo, faili la /etc/ld.so.cache, ambalo huandaliwa kwa amri ya ldconfig. Mwisho hupita katika folda za kawaida, /lib na /usr/lib. Hapo akikosa, programu haianzi.

Sasa yangu. Ofisi niliyokuwamo ilihamia toleo jipya la Linux, nalo lilikuja na libssl.so.3 peke yake. Programu ya kushughulikia majalada ya wastaafu ikagoma: haioni libssl.so.1.1. Nikamwambia fundi wetu, kijana wa miaka ishirini na kitu, aipe ile mpya jina la zamani. Akasema, "Mzee, namba ile siyo umri, ni mkataba. Tuwashe mashine ya zamani kwanza, tuwaombe waliotengeneza programu waiunde upya." Mimi nina shahada ya Chuo Kikuu, naye hana. Nikamwambia atekeleze.

Jina likabadilishwa, programu ikagoma vile vile, maana hata ndani ya maktaba kila kazi huwa na lebo ya toleo lake. Badala ya kurudi nyuma, nikaagiza folda nzima ya maktaba za zamani iwekwe mbele ya zote, kwa watumiaji wote. Ndani ya folda ile mlikuwamo libc.so.6, maktaba ambayo karibu kila programu huitegemea. Hiyo imeshika namba 6 tangu 1997. Nyongeza zake huonekana katika lebo za ndani tu. Kwa nje, ya zamani na mpya zina jina moja. Programu mpya zikaichukua ya zamani, zikatafuta lebo za toleo la 2.34, hazikuziona. Asubuhi hakuna mtu aliyeweza kuingia katika mashine ile, hata mimi mwenyewe.

Nje palikuwa na walimu wastaafu kwenye benchi, wengine wametoka mbali kwa basi la alfajiri. Waliambiwa warudi baada ya siku mbili. Na mimi, ndugu zangu, nikakaa mezani nikamwandikia yule kijana barua ya onyo kwa kuharibu mashine ya Serikali. Aliipokea, akatia sahihi, akaifuta folda yangu kwa kutumia diski ya kuwashia, akaiwasha mashine ya zamani kama alivyosema tangu mwanzo. Wiki mbili baadaye programu iliyoundwa upya ililetwa, ikakubali mara moja.

Ilinichukua miezi minne kuandika barua ya pili, ya kuomba ile ya kwanza iondolewe katika faili lake la utumishi. Iliondolewa. Lakini alikuwa amekwisha hamishwa, na orodha ya waliopandishwa daraja mwaka ule ilikuwa imepita bila jina lake. Nilimpigia simu. Alinisalimu kwa heshima, akaniuliza kama ile mashine ya zamani imekwisha zimwa.

Bado haijazimwa, Ndugu Mwenyekiti.