Mgeni Husindikizwa

Hotuba ya jirani kutoka Mzumbe, iliyotolewa katika maadhimisho ya hekalu

 

Nawashukuru kwa heshima mliyonipa ya kusema siku ya leo. Nimeombwa nizungumze juu ya dini na huduma kwa wahamiaji na watu walio katika umaskini. Nina neno moja tu la kuwaachia: kutoa ni mwanzo wa huduma, lakini huduma yenyewe ni kusindikiza.

Desturi ya kusindikiza twaijua sote. Mgeni anapoinuka kwenda zake, mwenyeji haishii kumuaga kizingitini. Humpokea mzigo, akafuatana naye hadi njia panda au kituo cha basi. Mara nyingi ni huko njiani ndipo mgeni hulisema lile hasa lililomleta, ambalo hakuthubutu kulitamka mbele ya watu. Anayetoa sadaka mlangoni huiona njaa ya mwombaji. Anayemsindikiza husikia habari yake nzima.

Jumuiya iliyojenga hekalu hili ni ya watu waliopata kuwa wageni. Reli ya Kati ilianza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro mwaka 1907. Katika miaka hiyo na iliyofuata walifika hapa wafanyabiashara, mafundi na makarani ambao wazee wao walitoka Kutch, Kathiawar na sehemu nyingine za Gujarat, wengi wakiwa wamevuka bahari kwa majahazi. Hakuna aliyezaliwa akijua Kiswahili kabla ya kushuka pwani. Kila mmoja alihitaji mtu wa kumwonyesha maji yalipo, bei ya mchele, na namna ya kumwamkia mzee wa Kiluguru. Kwa hiyo, ninaposema juu ya wahamiaji katika ua huu, nasema juu ya babu zenu.

Dini yenu wenyewe imetangulia kufundisha jambo hili. Wengi hapa mmeitundika nyumbani picha ya Jalaram Bapa wa Virpur, aliyezaliwa mwaka 1799 na kufariki mwaka 1881. Alipokuwa kijana wa miaka 20 alianzisha sadavrat, yaani nyumba ya kumlisha kila apitaye bila malipo. Inasimuliwa kwamba yeye na mkewe, Virbai, walivuna mashamba ya watu ili wapate nafaka ya kupika. Hawakumuuliza msafiri dini yake wala tabaka lake. Tena, tangu mwaka 2000 hekalu la Virpur halipokei michango, na bado linalisha watu. Mafunzo yake kwetu ni haya: chakula kile hakikutoka kwenye ziada ya tajiri, kilitoka kwenye jasho la watu wawili waliokaa na wageni wao, wakala nao, wakawajua.

Kutoka Gujarat hiyohiyo twapata mfano mwingine, unaofika hadi nchini kwetu. Katika Vita Kuu ya Pili, maelfu ya Wapolandi waliokuwa wamepelekwa kwa nguvu huko Urusi waliachiwa, wakatoka kupitia Iran bila nchi ya kwenda. Mwaka 1942 Jam Saheb Digvijaysinhji, mtawala wa Nawanagar, aliwafungulia mamia ya watoto wao, wengi wakiwa yatima, makao pale Balachadi, karibu na Jamnagar. Aliwaambia wamhesabu yeye kuwa baba yao. Lakini hakuwageuza kuwa Wahindu: walikuwa na padri wao, shule yao na lugha yao. Wakati huohuo Wapolandi wengine waliletwa Tanganyika. Kambi yao kubwa ilikuwa Tengeru, karibu na Arusha, iliyokaa watu wapatao 5,000, na makaburi yao yangalipo hadi leo. Mtawala yule angeweza kutuma fedha na nguo, akamaliza. Alichagua kuwa karibu na watoto wale kwa miaka kadhaa, akiwaacha wabaki walivyo.

Wahenga wa Kiswahili walisema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wengi hulitaja neno hili kwa kumsimanga mgeni aliyekaa sana. Mimi nalisoma vingine. Jembe ni heshima. Mtu unayempa jembe umemwambia kwamba ana mikono, ana akili, na kwamba kuna kipande cha ardhi kinachomngoja.

Nchi hii imewahi kulitenda neno hilo kwa ukubwa. Waburundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 walipelekwa Ulyankulu, Katumba, na baadaye Mishamo. Hawakufungiwa kwenye mahema wakingoja mgawo. Walipewa ardhi ya kulima. Shirika la Wakristo la kuhudumia wakimbizi, TCRS, lililoanzishwa mwaka 1964, lilifanya kazi nao bega kwa bega na Serikali na Umoja wa Mataifa: visima, zahanati, shule, barabara. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 walikuwa wakijilisha wenyewe na kuuza ziada. Mwaka 2014 zaidi ya watu 162,000 miongoni mwao na watoto wao walipewa vyeti vya uraia wa Tanzania. Tangu siku ya kwanza hadi cheti ilipita miaka 42. Huko ndiko kusindikiza, na urefu wa njia hiyo usitutishe.

Hapa Morogoro hatuna haja ya kwenda mbali. Mazimbu lilikuwa shamba la mkonge. Serikali iliwapa ardhi hiyo wakimbizi wa Afrika Kusini, na kuanzia mwaka 1978 wakajenga shule iliyokuja kuitwa kwa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa na utawala wa makaburu tarehe 6 Aprili 1979. Mwaka 1992 waliporejea kwao, waliiacha mikononi mwa Tanzania, na leo vijana wetu wanasoma hapo chini ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Mgeni aliyepewa jembe alituachia shule.

Sasa niseme juu ya leo, na naomba radhi nikiwagusa.

Sisi wa Mzumbe tunakaa kando ya barabara mbili. Moja hupanda kutoka Sangasanga kwenda Mgeta. Kwa hiyo hushuka kabichi, njegere na ndizi, na pamoja navyo vijana ambao mashamba ya milimani hayawatoshi tena. Nyingine ni barabara kuu ya Iringa, ipitayo malori ya kwenda Mbeya na mipakani. Mwezi Juni 2012, katika mkoa jirani wa Dodoma, zaidi ya vijana 40 kutoka Ethiopia walikutwa wamekufa kwa kukosa hewa ndani ya lori. Walikuwa wakitafuta njia ya kwenda kusini. Waliokufa walikuwa na mama zao. Wenzao wengi huishia gerezani, wasijue lugha ya askari wala ya hakimu. Simwambii mtu avunje sheria. Kusindikiza si kuficha. Lakini sheria haimkatazi muumini kuomba ruhusa ya kumtembelea mfungwa mgeni, kumpelekea sabuni, kumtafutia mkalimani, na kusaidia ili kwao wajue kwamba yu hai.

Na yuko mhamiaji wa karibu zaidi. Ni binti aliyeshuka kutoka kijijini, anayeosha vyombo katika nyumba zetu: za Wahindu, za Waislamu, za Wakristo. Tunampa nguo siku ya Diwali, ya Idi na ya Krismasi, na twahesabu kuwa tumetoa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14, na kima cha chini cha mshahara wa mtumishi wa nyumbani kimewekwa na Serikali. Je, tunakilipa? Ana siku ya kupumzika? Akiugua, nani humpeleka hospitali na kungoja naye kwenye foleni? Huduma yetu kwa maskini wa mbali haitakuwa na uzito ikiwa aliye jikoni mwetu hatujui jina la mama yake.

Naomba basi mambo matatu. Kwanza, kila familia ya hekalu hili ishirikiane na familia moja ya jirani wa dini nyingine, wamchukue mtu mmoja kwa mwaka mzima: wafuatane naye zahanati, ofisi ya vitambulisho, shuleni kwa mwanawe. Pili, siku ya kugawa chakula, watoaji waketi na wale kwenye mkeka mmoja na waliokuja kula. Tatu, kila mwajiri aliye hapa akirudi nyumbani leo azungumze na mtumishi wake juu ya mshahara na siku ya mapumziko, kwa sauti ya mtu anayezungumza na mwenzake.

Hayo hayahitaji jengo jipya. Yanahitaji saa zetu, na saa ni ngumu kuzitoa kuliko shilingi.

Nawatakia heri katika sikukuu hii. Mola awape afya wazee waliolilinda hekalu hili, na awape watoto wao miguu ya kusindikiza.