Mafuta Yaifaayo Pikipiki

Wako wengi wadhanio kwamba mafuta ni mafuta tu; hununua dukani yaliyo rahisi, wakayamimina ndani ya injini. Ningependa kuwaonyesha jinsi kosa hilo liwezavyo kumpokonya mtu riziki yake.

Katika pikipiki nyingi za siku hizi, injini, giaboksi na klachi hutumia mafuta yale yale. Pleti za klachi huzama ndani yake, nazo hazina budi kushikana barabara ili nguvu ya injini ifike gurudumuni. Baadhi ya mafuta ya motokaa yametiwa dawa ya kupunguza msuguano. Motokaa nyingi za gia za mkono haziwi na shida, kwa kuwa klachi yao hukaa pakavu; lakini katika pikipiki pleti huteleza. Hapo utamwona mwenyewe mlimani na abiria wake, injini inanguruma na gurudumu haliendi, naye humlaumu fundi bure! Basi tafuteni chupani alama ya JASO MA au MA2. Yenye MB, iacheni.

Pikipiki ambazo mafuta huungua pamoja na petroli zina mafuta yake mbali.

Beringi za magurudumu hutaka grisi. Mnyororo hutaka mafuta mazito ya giaboksi, namba 80 au 90. Zimeni injini kwanza, mkalizungushe gurudumu kwa mkono, kwani mnyororo uendao hukata vidole. Kisha futeni yaliyozidi, yasije yakarukia breki.