Ule Nanii: Kinachobaki Jina Linapopotea

Anayepakua mchuzi akimwambia mwenziwe, “Hebu nipa ule nanii,” kwa kawaida hupewa upawa, na mchuzi ukapakuliwa. Jina halikutajwa na kazi imefanyika. Walimu wengi husikia hapo uvivu wa ulimi au uchache wa msamiati, na mtoto akithubutu kusema hivyo darasani hukatizwa. Mimi nadai kinyume. Nanii ni ushahidi kwamba msemaji anakijua vizuri anachokitafuta; tena ushahidi wenyewe haumo ndani ya nanii, umo katika kile kijineno kilichoitangulia.

Tazameni ule. Kama kilichotakiwa ni kifumbu cha kuchujia tui, angesema kile nanii. Kama ni makaa, yale nanii. Kama ni pawa mbili, zile nanii. Jina limetoroka lakini ngeli yake imebaki mlangoni. Mfano mzuri kuliko yote ni mbuzi. “Yule nanii amekata kamba” ni mnyama, na watu watatoka nje kumsaka. “Ile nanii meno yameisha” ni mbuzi ya kukunia nazi, na atakayeinuka ataelekea jikoni. Majina mawili yanayosikika sawasawa yametenganishwa na mtu ambaye wakati huo hana hata moja mdomoni. Msikilizaji naye habahatishi. Akisikia ule, vijiko, visu na sufuria vimekwisha kuondoka katika hesabu; vimebaki upawa, mwiko, mchi, ufagio, na kwa kuwa chungu kimefunuliwa na mchuzi unatoa mvuke, hakuna haja ya kuuliza zaidi. Hata asili ya neno naiona katika njia hiyohiyo. Kwetu jina huulizwa kwa nani: jina lake nani? Anayesema nanii hajaugeuza upawa kuwa mtu. Anajiuliza jina lake kwa sauti, na anatualika tumsaidie.

Jambo hili lina ndugu zake mbali. Mwaka 1966, wanasaikolojia wa Marekani Roger Brown na David McNeill waliwasomea watu maana za maneno adimu ya Kiingereza, wakawachunguza wale waliokwama jina likiwa kwenye ncha ya ulimi. Mara nyingi waliokwama waliweza kubashiri herufi ya kwanza na idadi ya silabi. Mwaka 1997 Gabriella Vigliocco na wenzake wakaonyesha kwamba Waitaliano waliokwama vivyo hivyo waliweza kutaja kama nomino iliyopotea ni ya kike au ya kiume, kwa usahihi unaozidi kubahatisha. Kwa Kiingereza swali hilo lisingeulizika. Mwingereza aliyesahau husema thingamajig au whatsit, iwe ni nyundo au ni mwavuli, na neno linalotangulia halibadiliki. Mwitaliano ana jinsi mbili tu. Sisi tuna ngeli nyingi, na kwetu kinachotafutwa maabara hutamkwa kila siku jikoni, bila mtu kuona ajabu.

Kuna atakayepinga kwamba kile nanii ni kile kitu, basi. Msemaji hakukumbuka ngeli ya kifumbu, amechukua ngeli ya kitu, ambayo haimgharimu chochote. Pingamizi hili ni zito, na kwa kile peke yake sina jibu. Lakini ule hauwezi kutoka kwa kitu, wala yale, wala yule. Nakubali pia kwamba kwa mtu asemaye “ile kitu”, “ile maji”, “ile mtu”, ile yake haitupi habari yoyote; hoja yangu inasimama kwa wasemaji wanaopatanisha tu. Na hapa Ramisi, pwani ya kusini ya Kenya, jambo hilo si dogo. Kiwanda cha sukari kilichofungwa mwaka 1988 kiliwakutanisha Wadigo na Wakamba, Waluo, na Wamakonde waliotoka Msumbiji, ambao Kenya ilikuja kuwatambua kuwa kabila la 43 mwaka 2017. Kwa wengi wao Kiswahili kilikuwa lugha ya pili au ya tatu. Je, nanii si gongo la mgeni asiyejua maneno? Sidhani. Jina usilopata kulijua huwezi kulisahau. Mgeni wa namna hiyo hushika dude: dude lile linalozunguka, dude hili linalovuja. Dude hubeba ngeli yake lenyewe, haliazimi ya mwingine. Mpaka huu unavuja kidogo, nakiri, maana kitabu cha mmisionari Edward Steere kuhusu Kiswahili, kilichochapwa mara ya kwanza 1870, kinalipa dude kazi zote mbili, ya jina lisilojulikana na ya jina lililosahauliwa. Hata hivyo, upatanisho ninaoutegemea ni wa nanii.

Fulani, tuliyoipata kwa Waarabu na ambayo Wahispania na Wareno wanayo kama fulano, ni habari nyingine: humo jina mara nyingi linajulikana, limefichwa kwa adabu au kwa kusengenya. Nanii nayo hutumika kusitiri, na kunanii kuna maana ambazo sitazieleza mbele ya watoto. Hilo halinivunji. Sitara hufanya kazi pale tu msikilizaji anapojua kilichositiriwa. Katika insha ya mtihani, naam, ikatwe. Karatasi haina chungu kilichofunuliwa.

Hoja hii inaweza kupimwa, na vijana waliopo hapa ndio wa kuipima. Chukueni daftari, kuanzia Ramisi hadi Msambweni, na Funzi kwa mashua. Kila mtu akisema nanii, andikeni kwanza kiashiria alichokitumia, kisha ngojeni jina lipatikane mliandike kando yake. Vile vya kile wekeni mbali, nimekwisha kuviachia wapinzani. Vilivyobaki vikionekana mara nyingi havilingani na majina yake, njooni mniambie, nami nitaufuta mhadhara huu.