Maduka ya Palma na Mteja Aliye Ndani ya Uzio

Mada iliyowasilishwa kwenye semina ya wafanyabiashara wa mpakani, Mtwara



Waandaaji wameniagiza nianze na maana ya kituo cha maduka. Ni maduka mengi chini ya paa moja au kwenye safu moja, mara nyingi pembeni ya mji, yakimtegemea mpangaji mkuu anayevuta watu. Watu humfuata yeye, na wakishafika hununua na kwa wadogo. Jirani zetu wa Kenya walimwona mpangaji mkuu akianguka. Nakumatt, iliyowahi kuwa na matawi zaidi ya 60 Afrika Mashariki, ilifunga tawi baada ya tawi hadi Januari 2020 wadai wake walipopiga kura ifilisiwe. Vinyozi na wauza viatu waliopanga jirani nayo walibaki na kodi ileile na wateja wa kuhesabu. Kwa upande wa maana, hayo yanatosha.

Palma, mji wa pwani kaskazini mwa Msumbiji, haina jengo la namna hiyo. Ina safu za maduka mjini, na nyingine zilizoota kuelekea Quitunda, kijiji walikohamishiwa watu wa Quitupo ili kupisha mradi wa gesi kwenye rasi ya Afungi. Ila ugonjwa ni uleule, tofauti ni kwamba hapa anayevuta watu si mpangaji. Ni mteja, yaani mradi wenyewe wa gesi.

Historia nayo niliombwa kurasa tano. Naomba radhi, nitaisema kwa kifupi. Biashara ya pwani hii ilikuwa ya majahazi kabla ya mpaka kuchorwa. Wajerumani walilichukua eneo la Kionga, kusini mwa mdomo wa Ruvuma, mwaka 1894, Wareno wakalitwaa tena 1916, na kila mara aliyebadilika ni mtoza ushuru tu. Baada ya uhuru wa Msumbiji wa 1975, wenye maduka wa Kireno walipoondoka, serikali ilifungua Lojas do Povo, yaani maduka ya umma, kisha mwaka 1980 ikaamua kuyarudisha mikononi mwa watu binafsi. Enzi zote hizo mteja wa Palma alikuwa jirani: mvuvi, mkulima wa muhogo, mama anayenunua sabuni kipande. Duka la namna hiyo halitajirishi mtu, lakini halifi kirahisi.

Gesi ilipogunduliwa mwaka 2010 katika bonde la Ruvuma, hesabu zikabadilika. Zikaja benki, hoteli, maghala, na watu kutoka Nampula, Pemba ya Msumbiji na Maputo. Juni 2019, ulipotangazwa uamuzi wa kuwekeza takriban dola bilioni 20, mwenye milango miwili akajenga sita. Kisha Agosti 2020 mji wa Mocímboa da Praia, ulio kusini mwa Palma, ukatekwa na waasi, barabara ya kusini ikakatika, na mapema mwaka uliofuata chakula Palma kikawa adimu na cha bei ya kutisha. Tarehe 24 Machi 2021 mji wenyewe ukavamiwa. Katika ukumbi huu wapo waliozika, sitaendelea. Tarehe 26 Aprili Total (sasa TotalEnergies), kampuni inayoongoza mradi wa gesi, ikatangaza kuzuiwa na mambo yaliyo nje ya uwezo wake, mradi ukasimama. Tangazo hilo liliondolewa Novemba 2025.

Sasa nifike nilikotaka kufika. Husemwa kwamba vita ndivyo vilivyoua maduka ya Palma, na amani ikitulia yatafufuka. Sikubaliani, na nimelisema hili kwenye semina nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka. Vita viliyachoma. Lakini yalikuwa yakidhoofika kabla, na leo, kazi zikiwa zimeanza tena, bado yanadhoofika. Mradi umerudi kwa utaratibu wa kujifungia: watu na mizigo huingia Afungi kwa ndege na kwa meli. Fundi anayelala ndani ya uzio, analishwa ndani na kunyolewa ndani, hana sababu ya kufika dukani kwako. Taasisi iliyonituma imenikumbusha niseme kwamba sababu za usalama zinaeleweka. Zinaeleweka. Ila mtu akiwa hawezi kutoka, samaki anaweza kuingia, na hapo ndipo tunapokwama kwa sababu ya karatasi.

Mkandarasi wa chakula hanunui kwa mtu asiyetoa fatura. Fatura inataka nambari ya mlipakodi, ile NUIT. Inataka leseni, yaani alvará, na hesabu ya kodi ya ongezeko la thamani, IVA, ambayo sasa ni asilimia 16. Samaki anataka cheti cha afya na barafu isiyokatika. Mvuvi wa Palma ana nguru aliyevuliwa alfajiri, wala hana hata kimoja kati ya hivyo. Basi nguru huyo huuzwa sokoni kwa bei ya jioni, na jikoni kambini hupikwa samaki aliyesafiri mbali kumzidi mpishi.

Wapo waliojikakamua wakapata karatasi zote. Hao wanakutana na ukuta wa pili, malipo. Mwenye duka mmoja alinifungulia daftari lake. Ukurasa wa kushoto ni madeni ya majirani, metikali hamsini, metikali mia, mengi yamekwisha kukatwa kwa wino mwekundu. Wa kulia ni jina la mkandarasi, ambaye simtaji, kilo za samaki, namba za fatura, na safu ya tarehe ya malipo ambayo ilikuwa nyeupe tangu juu hadi chini. Friza lake lilikuwa limezimwa, na juu yake wamepanga vocha za simu. Jirani analipa kabla ya mwezi kwisha. Kampuni inangoja miezi, na mtaji wa duka dogo haungoji kiasi hicho.

Mapendekezo ni kama ifuatavyo. Kwanza, wavuvi na wenye maduka waunde ushirika mmoja wenye NUIT moja na alvará moja, utakaotoa fatura kwa niaba yao. Pili, malipo kwa muuzaji mdogo yafanyike ndani ya siku 14, na sharti hilo liandikwe kwenye mkataba wa mkandarasi, lisiachwe kwenye hotuba. Tatu, Serikali ya Wilaya iweke dirisha moja la karatasi hapo Palma, mtu asisafiri hadi Pemba kutafuta muhuri. Nne, mtambo wa barafu. Tano, kivuko cha Namoto na Kilambo kipewe utaratibu wa forodha wa mzigo mdogo, kwani Daraja la Umoja liko Negomano, mbali mno na pwani, na mwenye magunia matatu ya mchele hawezi kuzungukia huko. Sita, benki zikubali fatura iliyothibitishwa kama dhamana ya mkopo. Saba, ambalo najua ni la pili kwa sura nyingine: orodha ya wakandarasi wanaochelewesha malipo ibandikwe kila mwezi kwenye ubao wa ofisi ya wilaya. Nane, asijenge mtu milango mipya ya maduka kuelekea Quitunda kwa mkopo mpaka la kwanza na la pili yatekelezwe.

Rasimu ya mkataba wa ushirika ninayo hapa, kwa Kireno na kwa Kiswahili. Watu wa Palma, naomba tuonane mlangoni kabla hamjaenda kula.