Bidoni ya esansi isilale na watoto



Nianze na nyumba moja niliyotembelea hapa Kailo. Watoto wanne wamelala; miguuni mwao kuna bidoni ya esansi ya lita 20, na hatua chache tu pale, babula inawaka. Baba akaniambia: "Nikiiacha nje, wataiiba." Simlaumu. Alirudi mikono mitupu kama sisi wote, na ile bidoni ndiyo biashara yake. Lakini usiku ule sikupata usingizi.

Tuelewane: kinachowaka si esansi yenyewe, ni mvuke wake ukichanganyika na hewa. Hauonekani, na ni mzito kupita hewa mara tatu ao nne. Haupandi kama moshi. Unatambaa chini mpaka ukute babula, buji ao sigara. Hapo moto unarudi kwa njia ileile mpaka kwenye bidoni. Katika sehemu 100 za hewa ya chumba, mvuke wa sehemu moja na nusu tu unatosha kulipuka. Kwa hiyo bidoni "tupu" inaweza kuwa hatari kuliko iliyojaa: ndani mna mvuke na hewa tayari. Na anayechanganya esansi katika petroli ya taa anatengeneza bomu la mezani.

Mukumbuke Sange, Kivu ya Kusini, tarehe 2 Julai 2010. Lori la mafuta lilipinduka, watu wakakimbilia kuchota. Lilipowaka, walikufa zaidi ya 230, na kati yao kuna waliokuwa wanaangalia tu mpira wa Kombe la Dunia. Hao hawakuchota hata kikombe.

Ninaomba tukubaliane hivi. Tujenge kibanda kimoja mbali na nyumba, chenye matundu chini ya ukuta, sababu mvuke uko chini, na kufuli, na zamu ya walinzi. Jenereta izimwe na ipoe kabla ya kutiwa esansi. Moto ukishika esansi, tupa mchanga, usimwage maji. Lori likianguka, kimbia mbali.

Miti na udongo tuko navyo. Kwa wafadhili tunaomba mabati na kufuli.

Yule baba amesema bidoni yake itaingia ya kwanza.