Wachezaji Huondoka, Timu Hubaki

(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia vya Funzi na Bodo)

Leo hatukuvuka kutoka Bodo na fomu za kujaza. Tumekuja kuzungumza habari ya mpira. Akina mama, msicheke. Mpira wenyewe mtauona unaingia mpaka kwenye sanduku lenu la akiba.

Hebu fikirieni timu ya chuo cha ualimu. Kwa miaka mingi hapa Kenya kozi ya P1 ilikuwa ya miaka 2. Maana yake nini? Kila mwaka karibu nusu ya wachezaji walimaliza masomo wakaenda zao. Kipa amepangiwa shule Kinango, beki yuko Lunga Lunga, nahodha yuko Taveta. Je, walifukuzwa? Hapana. Waligombana? Hapana. Walitimiza kilichowapeleka chuoni. Lakini muhula mpya ukifunguliwa, kocha anapiga filimbi ya mazoezi na nusu ya sura zilizo mbele yake ni ngeni.

Msimu kama huo ni mgumu. Timu inafungwa, watu pembeni wanasema, "Timu ilikuwa ile ya mwaka jana!" Kocha asiyejipanga hulia na wale walioondoka. Kocha mwenye akili alianza mapema. Mwaka uliotangulia, wakati timu bado inashinda, alimwingiza kipa wa pili dakika za mwisho. Aliwapanga wageni pamoja na wenyeji wafundishane. Kwa hiyo msimu wa kujenga upya hauanzi siku ya kufungwa. Unaanza siku mnaposhinda.

Tuchukue mfano mwingine. Mwaka 1987, katika mitaa ya Mathare kule Nairobi, kulianzishwa chama cha michezo cha vijana, MYSA. Timu za watoto zilipata pointi kwa mechi, na zilipata pointi pia kwa kusafisha mtaa. Vijana wakubwa walifundisha wadogo na kuendesha ligi wenyewe. Mwaka 1994 ikazaliwa timu ya Mathare United, na mwaka 2008 ikachukua ubingwa wa ligi kuu ya Kenya. Ndiyo, baadaye iliteleza ikashuka daraja. Lakini haikufa. Mwaka 2024 ilipanda tena ligi kuu. Timu yenye mizizi chini hukatwa tawi ikachipua.

Sasa turudi nyumbani. Hapa pwani yetu nani hajui kuondoka? Wavuvi wanakwenda dago. Vijana wanapata kazi katika hoteli za Diani. Wasichana wanaolewa Vanga au wanakwenda Uarabuni kutafuta. Hatuwezi kuwalaumu, maana riziki ndiyo iliyowaita. Kikundi cha kijiji ni kama ile timu ya chuo: wachezaji ni wa kupita.

Tuwaambie jambo la kweli, nalo linatuuma. Tulikuwa na kikundi kimoja, hatutakitaja, kilichokuwa kikiweka akiba ya kununua mashini ya boti. Katibu wao alikuwa hodari sana. Yeye ndiye aliyeandika, ndiye aliyekwenda benki, ndiye aliyejua nani ametoa na nani bado. Siku moja akapata kazi nje ya nchi, akaaga vizuri, akaondoka. Hakuiba hata shilingi. Lakini daftari aliloliacha hakuna aliyeweza kulisoma, maana alikuwa na alama zake mwenyewe. Mama mmoja akasema ametoa mara kumi, mwenzake akasema ni mara sita. Ndugu wakaacha kusalimiana kisimani. Mashini haikununuliwa.

Na kosa lilikuwa letu pia. Semina zote tatu tulimwita mtu yule yule, kwa sababu ndiye aliyeelewa upesi. Tulimnoa mshambuliaji mmoja tukasahau timu.

Wale wenzetu walijenga upya, polepole. Walikaa kitako, kila mtu akasema alichotoa mbele ya mashahidi. Palipokosa ushahidi, walipatana. Kisha wakaanza tena na mchango mdogo. Boti bado hawana, lakini wanasalimiana.

Basi tumejifunza haya:

Kwanza, kila kazi iwe na watu wawili. Katibu awe na msaidizi anayeandika kweli, si wa jina tu.

Pili, hesabu isomwe kwa sauti kila mkutano. Asiyejua kusoma ana masikio, na anakumbuka alichotoa.

Tatu, mwenye kuondoka aage kwa kukabidhi: daftari, funguo, kitabu cha benki, mbele ya wanachama wote.

Nne, mwanachama mgeni apewe kazi ndogo mapema. Akikosea, arekebishwe kwa upole. Kipa wa pili hajui kudaka mpaka apigwe mipira.

Tano, msimu wa kufungwa msitafute mchawi. Tafuteni mazoezi.

Wahenga walisema, haba na haba hujaza kibaba. Nasi tunaongeza: kibaba kikishajaa, watu wawili wajue kilipowekwa.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi:

1. Mweka hazina wetu akisafiri kesho, nani atafungua sanduku na kusoma daftari?

2. Ni nani aliyeondoka katika kikundi chetu, na alituachia ujuzi gani?

3. Ni kijana gani tutampa kazi mwezi huu?

Jibuni kwa kweli, hata kama jibu linauma. Tukirudi tutauliza, na safari ijayo kila kikundi kitulete watu wawili.